Safari ya kutazama ndege Kilombero: sogeza tarehe kwanza
Ndugu muulizaji, nimekuelewa: unataka kuwapeleka watoto wako wawili kwenye bonde la Kilombero, nchini Tanzania, mwezi wa Aprili ili mkatazame ndege. Ningekusihi usogeze safari hadi Julai au Agosti, kwa kuwa Aprili mto hufurika na njia nyingi hazipitiki. Huko kuna kwera wa Kilombero, ndege wa manjano asiyepatikana kwingine duniani (mimi ningesafiri kwa ajili yake peke yake), ambaye husuka kiota katika matete ya kandokando ya mto karibu na mji wa Ifakara. Mtafuteni asubuhi na mapema kwa darubini, mkiwa kimya. Msipande mtumbwi bila makoti ya kujiokolea na mpiga kasia mwenyeji, maana kuna viboko na mamba. Kuhusu kinga ya malaria, muone daktari kabla hamjaondoka.