Vijidudu vinavyokula umeme nitavipata wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Mi nipo Ujiji, nina kamashine ka kukamua mawese na paneli moja ya sola ya wati 300. Nilisikia redioni kuna vijidudu ukivipa umeme wa sola vinakutengenezea mafuta ya injini, nikasema ngoja nijaribu. Nikachukua betri ya gari, ndoo ya maji, chumvi ya Uvinza kidogo ili umeme upite vizuri, na vijiko viwili. Povu lilitoka kweli ila chumba kikajaa harufu kali mpaka nikakohoa. Nimekosea wapi, na hivyo vijidudu vinauzwa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, acha hilo jaribio leo leo, na ile ndoo kaimwage nje. Harufu iliyokukohoza ni klorini, maana ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi, kwenye kijiko cha upande wa chanya inatoka klorini na inaunguza mapafu, na kwenye kijiko cha hasi inatoka hidrojeni, ambayo haina rangi wala harufu na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumbani, cheche ya kiberiti inatosha kuilipua. Nimeandika hivi kwa sababu nimeogopa kweli niliposoma barua yako.

Ila wazo lako halikuwa la kijinga hata kidogo. Yale mapovu ya upande wa hasi ndo chakula chenyewe! Vijidudu vingi vinavyosemwa vinakula umeme having'ati waya (wapo wachache wanaouchukua moja kwa moja kwenye bamba la kaboni lakini tuwaache), vinakula hidrojeni iliyotolewa kwenye maji kwa umeme, halafu vinachukua hewa ya kaboni, ileile tunayoitoa puani, vinajenga miili yao. Kuna mmoja wa udongoni tu anaitwa Ralstonia eutropha, na mwaka 2016 Daniel Nocera na Pamela Silver wa chuo cha Harvard, Marekani, walimweka kwenye chombo kimoja na zile ncha za umeme (kama vile vijiko vyako viwili). Mwanzoni ilikuwa shida sana, kwa sababu madini ya kwenye ncha yalikuwa yanazalisha kemikali zinazoshambulia DNA ya bakteria, ikabidi wabadilishe watumie kobalti na fosforasi ndo wadudu wakatulia. Wale waliobadilishwa vinasaba wakawa wanatoa spiriti, ndo hayo mafuta ya kuchoma uliyoyasikia. Kwa hesabu yao, ukitumia paneli ya kawaida, karibu asilimia 10 ya nguvu ya jua inaishia kwenye miili ya bakteria na kama asilimia 6 kwenye spiriti, wakati mimea mingi shambani haifikishi hata asilimia 1. Mi hiyo namba ilinisisimua, sikufichi.

Sasa tuje kwako. Paneli yako kwa siku yenye masaa matano ya jua zuri inakupa uniti 1 na nusu. Lita moja ya hiyo spiriti ina nguvu ya kama uniti 6 na nusu, na njiani karibu theluthi mbili ya umeme inapotea, kwa hiyo unahitaji kama uniti 20, yani wiki mbili za paneli yako yote kwa lita moja, alafu ukiichoma kwenye injini sehemu kubwa inapotea tena kama joto. Umeme ulionao utumie kama umeme. Hii njia inawafaa wenye umeme wa kumwaga usio na pa kwenda, au ndege na meli ambazo betri haziwezi.

Na kuhusu vinauzwa wapi: ndugu zao unao tayari. Yale maji machafu yanayobaki ukikamua mawese, ambayo wengi huku kwetu tunayaachia tu yaende mtoni, ukiyafungia kwenye shimo lisiloingiza hewa na samadi ya ng'ombe, kuna vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vitakupa gesi ya kupikia. Gesi hiyo kama asilimia 60 ni methani, ndo sehemu inayowaka, na iliyobaki karibu yote ni hewa ya kaboni, na humo humo wamo wadudu wanaojua kuunganisha hidrojeni na hiyo kaboni kuwa methani zaidi. Karibu na Copenhagen, Denmark, wameshafanya hivyo kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, kwa umeme wa megawati 1. Wewe anza na shimo, makapi ya chikichi endelea kuchomea jikoni, na usikubali mtu akuuzie chupa ya wadudu.

SWALI: Na mimi wa Urambo, Tabora, nauliza, hivi hao bakteria wanaliwa?

JIBU: Ndiyo, baadhi yao. Kampuni ya Solar Foods ya Ufini inafuga bakteria wa hidrojeni, inawakausha unakuwa unga wa manjano ambao zaidi ya nusu ni protini, Singapore waliruhusu uliwe mwaka 2022 na kiwanda chao kilifunguliwa 2024. Wengine wanalenga chakula cha samaki. Huku bado sijauona dukani, kwa hiyo kama unafuga kuku, endelea kuwapa dagaa.