Picha za ushahidi zinakufuata hadi kitandani
Dada mwendesha mashtaka, kuota maiti za kwenye mafaili ya kesi zako na kushtuka mwanao akilia si udhaifu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 2013, unahesabu hata picha na video anazotazama mtu kwa sababu ya kazi miongoni mwa mambo yanayoweza kuleta ugonjwa wa kiwewe. Nami nimeendesha mashtaka ya mauaji, nakushauri: zima sauti kwanza, mayowe hung'ang'ania kichwani kuliko picha. Tazama asubuhi, na usirudie sehemu usiyoihitaji mahakamani. Mwombe mkuu wako akuchanganyie kesi za wizi (atanung'unika, mwombe tu). Pombe ya kuleta usingizi, acha. Mwezi ukipita hali ni hiyo hiyo, muone mwanasaikolojia. Ukiwaza kujidhuru usingoje: kwa Kenya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.