Jina Langu Limewekewa Pingamizi: Majibu kwa Wasomaji Walioko Marekani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa Waswahili wanaoishi Marekani, wengi wao wakiwa wamepata uraia katika miaka ya karibuni, na karibu zote zinahusu jambo moja: vyama viwili vikubwa vinavyovutana juu ya nani ana haki ya kuwa kwenye daftari la wapiga kura, na nani aruhusiwe kusimama kituoni akiangalia. Nimezifupisha barua na kuondoa majina. Msomaji akumbuke kwamba sheria za uchaguzi Marekani kwa sehemu kubwa hutungwa na kila jimbo, hivyo jibu la Georgia asilichukue kuwa la Ohio.

Niliapa uraia mwaka jana na nimejiandikisha kupiga kura hapa Houston. Leseni yangu ya udereva niliichukua nikiwa bado na grini kadi. Je, jina langu linaweza kufutwa kwa sababu hiyo? (Mama wa watoto watatu, Texas)

Mama, hofu yako ina msingi, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kutokea katika jimbo hilohilo. Tarehe 25 Januari 2019 ofisi ya Katibu wa Jimbo la Texas, ambayo ndiyo husimamia uchaguzi wa jimbo, ilitangaza kwamba watu wapatao 95,000 waliomo kwenye daftari waliwahi kutambuliwa na idara ya leseni kuwa si raia, na kwamba takriban 58,000 kati yao walikuwa wamepiga kura angalau mara moja tangu 1996. Habari hiyo ilipokelewa na wanasiasa wa chama cha Republican kama ushahidi wa udanganyifu mkubwa. Hazikupita siku nyingi kabla kaunti hazijaanza kuambiwa ziondoe majina kwenye orodha hiyo, kwa kuwa maelfu ya watu hao walikuwa raia halali. Hesabu ilimsahau mtu wa namna yako hasa, yaani yule aliyechukua leseni akiwa mkazi wa kudumu, akaja kula kiapo cha uraia, kisha akajiandikisha, bila sheria kumtaka arudi kwenye idara ya leseni kuwapa habari. Kesi zilifunguliwa, jimbo likakubali kusuluhishwa mwezi Aprili na kuachana na zoezi hilo, na Katibu wa Jimbo, David Whitley, akaondoka ofisini mwezi Mei baada ya Baraza la Seneti la Texas kushindwa kumthibitisha.

Usidhani mambo hayo yaliishia hapo. Mwaka 2024 jimbo la Alabama liliwaweka kando wapiga kura 3,251 kwa sababu waliwahi kupewa namba ya wageni ya idara ya uhamiaji, na mahakama ya shirikisho ikalizuia mwezi Oktoba ilipobainika kwamba 2,000 na zaidi kati yao walikuwa na haki kamili. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inakataza ufutaji wa majina kwa mkupuo ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi wa shirikisho. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2024 Mahakama ya Juu iliiruhusu Virginia iendelee na ufutaji wa watu wapatao 1,600 wakati siku hizo zikiwa zimeshaanza kuhesabiwa, kwa hiyo usiitegemee kinga hiyo peke yake.

Ninachokushauri ni kwamba uende kwenye idara ya leseni na pasi yako ya Marekani au cheti cha uraia ili kumbukumbu zako zirekebishwe, uweke nakala mahali unapoweza kuipata upesi, na usiache barua yoyote ya ofisi ya kaunti ikae mezani bila kufunguliwa. Taarifa ya kukutaka uthibitishe uraia wako huko Texas hukupa siku 30, na asiyejibu huondolewa kwenye daftari.

Nimesikia kwamba hapa Georgia mtu yeyote, hata asiye ofisa, anaweza kuandika kwamba mimi sistahili kupiga kura. Inawezekanaje? (Kijana wa Atlanta)

Inawezekana, nayo ni sheria ya siku nyingi. Mpiga kura wa kaunti anaruhusiwa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi dhidi ya mpiga kura mwenzake wa kaunti hiyo, na bodi ya uchaguzi ya kaunti ndiyo inayoamua. Walioitunga walimfikiria mtu anayemjua jirani yake, ambaye ameona kwa macho yake kwamba nyumba imehamwa. Wasichokifikiria ni kompyuta.

Desemba 2020, wiki chache kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa maseneta wawili wa Georgia, kikundi kiitwacho True the Vote kilitangaza pingamizi dhidi ya wapiga kura 364,541 katika kaunti zote 159 za jimbo. Kililinganisha daftari la wapiga kura na orodha ya posta ya watu waliotoa taarifa ya kuhama, na kila jina lililofanana likahesabiwa kuwa la mtu asiyestahili. Kaunti nyingi zilizikataa pingamizi hizo. Orodha ya posta haijui tofauti kati ya aliyehama moja kwa moja na mwanafunzi aliyeko chuoni, askari aliyepangiwa kambi jimbo jingine, au mtu aliyeelekeza barua zake kwa dada yake kwa muda. Hapo sijataja majina yetu wenyewe, ambayo ofisi moja huandika Abdallah na nyingine Abdalla, na la babu likageuzwa kuwa la ukoo bila mwenyewe kuulizwa.

Kikundi cha Fair Fight, kilichoanzishwa na mwanasiasa wa Democratic Stacey Abrams, kilikwenda mahakamani kikidai kwamba huo ulikuwa utishaji wa wapiga kura. Tarehe 2 Januari 2024 Jaji Steve Jones alitoa hukumu ambayo kila upande uliinukuu kwa kipande kinachoupendeza: alisema orodha ile haikuwa ya kuaminika hata kidogo na ilikaribia uzembe wa makusudi, lakini akaona kwamba utishaji kwa maana ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura haukuthibitishwa.

Kabla ya hukumu hiyo, bunge la Georgia lenye Warepublikan wengi lilikuwa limepitisha sheria ya mwaka 2021 inayotamka wazi kwamba hakuna kikomo cha idadi ya watu ambao mtu mmoja anaweza kuwawekea pingamizi. Mwaka 2023 chombo cha habari cha ProPublica kilichunguza pingamizi zipatazo 100,000 zilizowasilishwa baada ya sheria hiyo, kikakuta kwamba karibu zote zilitoka kwa watu 6 tu. Sheria nyingine ya mwaka 2024 imeongeza kwamba orodha ya posta peke yake haitoshi kuwa sababu.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba daftari lenye majina ya waliohama na waliofariki linaondoa imani, na kwamba ofisi za kaunti hazina watu wa kutosha kulisafisha. Hoja ya kwanza naikubali. Lakini pingamizi ni tuhuma dhidi ya mtu mmoja mwenye jina, na mimi naona anayeituma anapaswa kuwa na jambo analolijua kumhusu mtu huyo. Kama hana, gharama yote inamwangukia mtuhumiwa, ambaye atalazimika kuomba ruhusa kazini siku ya Jumanne asubuhi ili aende kuieleza bodi kwamba bado anaishi anakoishi. Kwako wewe, hakikisha anwani yako kwenye daftari ina namba ya chumba kama unakaa kwenye jengo la nyumba za kupanga, kwa maana anwani isiyo na namba hiyo ni mojawapo ya kasoro zinazotafutwa.

Nyumbani Kenya nilizoea mawakala wa vyama. Hapa Philadelphia nilimkuta mtu amekaa na orodha mkononi, akiandika kila anayeingia. Ni wakala? Anaweza kunihoji? (Msomaji wa Pennsylvania)

Ni ndugu wa wakala, lakini kazi yao inatofautiana. Wakala wa Kenya hutia saini Fomu 34A kura zikishahesabiwa kituoni na kuondoka na nakala yake, na fomu hizo ndizo zilizokuwa kiini cha mvutano Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Mwangalizi wa chama wa Pennsylvania hana mamlaka ya namna hiyo juu ya matokeo. Kila chama kinaweza kuteua waangalizi 3 kwa kituo na kila mgombea 2, nao ni lazima wawe wapiga kura walioandikishwa katika kaunti hiyohiyo na wawe na hati ya kaunti inayowatambulisha. Huyo uliyemwona na orodha pengine alikuwa akitia alama majina ya watu wa chama chake waliokwisha kufika, ili jioni wenzake wawapigie simu waliobaki.

Kukuhoji wewe hawezi. Akiwa na shaka juu ya utambulisho au makazi yako, ataieleza kwa msimamizi wa kituo, ambaye huko Pennsylvania huchaguliwa na wakazi wenyewe kwa kipindi cha miaka 4, na msimamizi ndiye anayeamua kama kuna sababu ya haki. Pingamizi likikubaliwa bado hujafukuzwa: unatia saini tamko la kiapo na kumleta shahidi ambaye ni mpiga kura wa eneo hilo, au unapewa kura ya muda, ambayo huwekwa kwenye bahasha na kuhakikiwa baadaye. Haki ya kura ya muda imo katika sheria ya shirikisho ya mwaka 2002, kwa hiyo usiondoke kituoni bila kuidai.

Safu yako kila mara inawasema Warepublikan. Waangalizi wao wanapofukuzwa mbona huandiki? (Msomaji wa Michigan)

Ndugu yangu, tuanze na huko kwako. Tarehe 4 Novemba 2020, katika ukumbi wa TCF Center mjini Detroit ambako kura za posta zilikuwa zikihesabiwa, kila chama kiliruhusiwa waangalizi 134. Maofisa walipogundua kwamba vyama vyote viwili vimezidisha idadi hiyo, walifunga milango, watu wakagonga vioo wakidai hesabu isimamishwe, na baadhi ya vioo vikazibwa kwa karatasi. Picha ya vioo vile ilizunguka ulimwengu kama ushahidi wa kuficha mambo, ingawa ndani walikuwamo waangalizi wa Republican. Kuziba vioo lilikuwa kosa la kukosa busara. Anayetaka kuaminiwa hazibi dirisha. Lakini uchunguzi wa kamati ya Seneti ya Michigan, ambayo iliongozwa na Warepublikan wenyewe, ulimaliza kazi Juni 2021 bila kukuta ushahidi wa udanganyifu mpana.

Philadelphia nako waangalizi walilalamika kwamba waliwekwa mbali mno na meza, na malalamiko hayo hayakuwa ya kuzua. Wakili wa kampeni ya Trump alipoulizwa na jaji wa shirikisho kama kulikuwa na watu wao chumbani, alikiri kwamba idadi yao haikuwa sifuri. Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 2 kwamba sheria inawapa haki ya kuwamo ndani, na haikutaja umbali.

Ukinitaka nisitaje chama kimoja tu, historia inanisaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Louisiana ikiwa mikononi mwa Wademokrat, wanachama wa baraza la wabaguzi wa kizungu katika parishi ya Washington (parishi huko ndiyo kaunti) waliwawekea pingamizi wapiga kura weusi 1,377 kwa kasoro ndogondogo za fomu, na majina yao yakafutwa mpaka Mahakama ya Juu ya nchi ilipoamuru yarudishwe mwaka 1960. Mwaka 1981 ilikuwa zamu ya Warepublikan huko New Jersey, ambako kikosi chao kilipeleka askari wasiokuwa zamu, wenye vitambaa mikononi na baadhi yao wakiwa na silaha, kwenye vituo vya mitaa ya watu weusi na Walatino. Mgombea wao wa ugavana alishinda kwa kura 1,797. Makubaliano ya mahakama ya mwaka 1982 yaliyowafunga mikono yalidumu hadi mwishoni mwa 2017, hivyo uchaguzi wa 2020 ulikuwa wa kwanza wa rais, baada ya miaka karibu 40, ambao kamati kuu ya chama hicho iliweza kuandaa waangalizi wake bila kizuizi hicho.

Kura yangu ikishaingia, pingamizi limekwisha? (Msomaji wa Charlotte)

Ungetarajia hivyo, lakini jimbo lako ndilo lililoonyesha kinyume chake. Novemba 2024 Jaji Allison Riggs wa Democratic alitetea kiti chake katika Mahakama ya Juu ya North Carolina kwa kura 734. Mpinzani wake wa Republican, Jefferson Griffin, alipinga kura zaidi ya 65,000, nyingi zikiwa za watu ambao kumbukumbu zao hazikuonyesha namba ya leseni au ya hifadhi ya jamii, ilhali walikuwa wamefuata utaratibu uliokuwapo siku ya kupiga kura. Wazazi wa Riggs mwenyewe walikuwamo kwenye orodha hiyo. Shauri lilizunguka mahakama za jimbo na za shirikisho kwa miezi 6, mpaka Jaji Richard Myers, aliyeteuliwa na Trump, alipoamua Mei 2025 kwamba kanuni haziwezi kubadilishwa baada ya mchezo kuchezwa. Griffin akakubali kushindwa siku mbili baadaye.

Sijapata uraia bado. Naweza kujitolea kuwa mwangalizi? (Mwanafunzi, Pennsylvania)

Hapana, kwa sababu niliyokwisha kuieleza: ni lazima uwe mpiga kura. Na karani wa leseni akikuuliza kama unataka kujiandikisha, kataa hata kama ameuliza kwa haraka, kwani kujiandikisha bila uraia kunaweza kukuharibia ombi lako lote.

Mama yangu ni raia lakini anazungumza Kiswahili na Kibembe tu. Niliposimama naye kwenye kibanda, mwangalizi mmoja alilalamika. Nilikosea? (Msomaji wa Fort Worth)

Hukukosea. Kiswahili hakimo kati ya lugha ambazo sheria inalazimisha karatasi za kura zitafsiriwe, lakini kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura kinampa mtu asiyeweza kusoma karatasi hiyo haki ya kusaidiwa na yeyote amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Texas iliwahi kudai kwamba mkalimani awe mpiga kura wa kaunti hiyohiyo, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ikalikataa sharti hilo mwaka 2017. Utatakiwa kula kiapo cha msaidizi na kujaza fomu, kwa hiyo fikeni mapema. Mwangalizi wa Texas naye huapa kwamba hatasumbua wapiga kura. Akirudia tena, usibishane naye. Mwite msimamizi wa kituo, mtajie kifungu hicho, na mama aendelee kupiga kura yake.