Kabla hujanakili promota, jua jeni inaanzia wapi

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipoteza karibu miezi miwili kwa sababu ya kipande cha DNA nilichokinakili upande usio wake. Nilikuwa natafuta promota, yaani kipande kinachotangulia jeni, pale ambapo RNA polimerasi na protini wenzake hutua kabla ya kuanza kuisoma. Nilifungua kanzidata ya NCBI, kituo cha Marekani kinachohifadhi taarifa za jeni na jenomu, nikaona namba ya kwanza ya jeni, nikarudi nyuma herufi 1,000, nikanakili. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoweka mipaka ya kipande unachotaka kukizidisha, zikaagizwa nje ya nchi, zikalipiwa, zikafika. PCR, njia ya kuzidisha kipande cha DNA, ikatoa bendi (mstari kwenye jeli) safi kabisa. Kumbe kile kipande kilikuwa mkiani mwa jeni, si kichwani.

Tangu hapo, kila mdogo wangu wa maabara anayeniuliza namwanzisha na jeni moja: HBB, ya beta globini, sehemu ya hemoglobini ya damu, ileile ambayo badiliko la herufi moja ndani yake huleta selimundu. Promota yake imechunguzwa kwa miongo kadhaa, kwa hiyo jibu linajulikana, na ukikosea utajua hapohapo.

Ukifungua ukurasa wa HBB kule NCBI utaona iko kromosomu ya 11, kuanzia 5,225,464 hadi 5,227,071, na pembeni pameandikwa “complement”. Neno hilo ndilo nililolipita mimi. Maana yake jeni iko kwenye uzi wa kinyume na inasomwa kutoka namba kubwa kwenda ndogo. Kichwa chake ni 5,227,071, na promota iko kwenye namba zinazozidi hapo. Ukitaka herufi 1,000 kabla ya mwanzo na 100 baada yake, bofya FASTA, inayokuonyesha herufi za mfuatano wenyewe, omba 5,226,972 hadi 5,228,071, na uhakikishe kisanduku cha kugeuza uzi kina tiki.

Sasa hesabu kwa macho yako. Baada ya herufi 1,000 za mwanzo lazima ukutane na ACATTTGCTTCTGAC. Hapo ndipo unukuzi, yaani kuisoma DNA kuwa RNA, unapoanza. Rudi nyuma herufi kama 30 utakuta CATAAAA, ambalo ndilo sanduku la TATA la jeni hii, alama ya kawaida ya promota, na kwenye kama 75 utakuta CCAAT, alama nyingine. Ukienda mbele, ukishapita herufi 50, inafuata ATG. Mara ya kwanza nilipoviona vyote vimekaa mahali pake nilifurahi kuliko nilivyofurahia bendi yoyote ya PCR.

Angalia hiyo ATG vizuri, maana ni mtego mwingine. Wengi huhesabu promota kuanzia ATG, ambapo protini huanza, badala ya pale unukuzi unapoanza. Kwa HBB utakosea kwa herufi 50 tu. Lakini zipo jeni ambazo kati ya sehemu hizo mbili kuna introni (kipande kinachokatwa na kuondolewa kwenye RNA) ya maelfu ya herufi, na utakachokinakili hapo si promota hata kidogo. Na jeni ikiwa na vianzio zaidi ya kimoja, pita kwenye kanzidata ya EPD, inayokusanya promota zilizothibitishwa kwa majaribio, uone kipi kinatumika.

Andika pia toleo la ramani ya jenomu ya binadamu juu ya faili lako. Namba nilizotoa ni za GRCh38, ya mwaka 2013. Kwenye GRCh37, ya 2009, kichwa hichohicho cha HBB ni 5,248,301. Ukichanganya namba za toleo moja na ramani ya jingine, umehama zaidi ya herufi 21,000. Kabla ya kuagiza praima, bandika mfuatano wako kwenye BLAT ya UCSC (Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz), zana inayotafuta mfuatano uko wapi kwenye jenomu. Ni sekunde chache, nawe utaona umeangukia wapi na kwenye uzi upi.

Ukishaizoea HBB, jaribu ACKR1, ambayo makala za zamani huiita DARC. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba T moja ikiwa C kwenye promota yake, protini ya GATA1, inayowasha jeni, haishiki tena hapo, na chembe nyekundu za damu hazitengenezi kipokezi cha Duffy ambacho Plasmodium vivax, kimelea cha malaria, hukitumia kuingia. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana badiliko hilo. Makala moja italiita -33, nyingine -46, nyingine -67, na herufi ni ileile. Kila mwandishi amehesabu kutoka sifuri yake. Mimi hulitafuta kwa rs2814778, namba ya utambulisho ya badiliko hilo, nikaachana na namba hizo.

Na usidhani herufi 1,000 zinatosha kila mara. Badiliko linalowawezesha wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya kumeng'enya maziwa ukubwani, lililoripotiwa mwaka 2007, liko herufi 14,010 kabla ya jeni ya LCT, inayotengeneza kimeng'enya cha sukari ya maziwa, ndani ya introni ya jirani yake MCM6. Hiyo ni swichi ya mbali, si promota yenyewe. Kwa hiyo nikimaliza kunakili promota, hufungua UCSC, nikawasha tabaka la ENCODE, linaloonyesha sehemu zinazodhibiti jeni, nikavuta ramani hadi jeni za jirani zionekane pande zote mbili.