Shindano la Hisani Likifika Shuleni: Mtoto Achore, Mtu Mzima Atoe Fedha

Barua ya kampuni inapofika shuleni ikiwaalika watoto kwenye shindano la kuchangisha fedha za hisani, wazazi wengi huuliza zawadi ni nini na mwisho wa kupokea kazi ni lini. Mimi, baada ya kuzipitia barua za namna hiyo nikiwa kwenye kamati ya wazazi, huanza na maswali mengine: fedha zinatoka mfukoni mwa nani, na mshindi anapatikanaje?

Mfano mzuri ninaoufahamu ni wa IKEA, kampuni ya samani iliyoanzia Sweden. Kuanzia 2003 hadi 2015, katika msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka, taasisi yake ya hisani ilitoa yuro 1 kwa kila mdoli wa kitambaa au kitabu cha watoto kilichouzwa, na fedha hizo, zilizofikia yuro milioni 88, zikaenda kwenye miradi ya elimu ya UNICEF na Save the Children. Mwaka 2014 likaongezwa shindano la kuchora, ambapo watoto walibuni midoli waliyoitamani, michoro 10 ikachaguliwa, na mwaka uliofuata midoli iliyoshonwa kwa kufuata michoro hiyo ikaingia madukani. Mtoto alipimwa kwa mchoro wake tu, na mchango ulitokana na mauzo kwa watu wazima. Kampuni nayo ilijipatia jina na wateja, jambo ambalo silioni kuwa baya almradi halifichwi.

Shindano lililoletwa shuleni kwetu na kampuni moja halikuwa hivyo. Kila mtoto alipewa karatasi ya kuchorea pamoja na kadi ya michango yenye safu tatu, yaani jina la mchangiaji, kiasi na sahihi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba kiasi kilichokusanywa kingeongezwa kwenye alama za mchoro. Watoto ambao wazazi wao wanafanya kazi kwenye ofisi kubwa walirudisha kadi zilizojaa hadi nyuma. Mmoja wa wachoraji hodari wa darasa la tano, ambaye mama yake anauza maandazi, alirudisha kadi yenye majina mawili, na la kwanza lilikuwa la mama huyo. Kamati iliandika barua kuomba kadi ziwe za darasa zima, zisiwe na majina ya watoto, na majaji wasizione kabisa. Kampuni ilikubali bila ubishi mwingi, kwa hiyo nawashauri wazazi wenzangu wasiogope kuomba. Ombi kama hilo lifanyike pia pale mshindi anapotafutwa kwa kura za ujumbe mfupi zinazolipiwa, kwa kuwa hapo ukoo wenye salio ndio unaoshinda.

Masharti yasomwe yote kabla ya kutia sahihi. Angalia nani atamiliki mchoro baada ya shindano, kwa sababu kifungu kinachoipa kampuni haki zote milele, kwa matumizi yoyote, kinazidi mno mahitaji ya kuuza kadi za hisani zenye mchoro huo kwa msimu mmoja. Picha na jina la mtoto ni suala jingine tena: hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, hivyo ridhaa ya picha kutumika kwenye matangazo iwe na sahihi yake peke yake, na mzazi akiikataa mtoto asiondolewe kwenye shindano.

Kuhusu fedha zenyewe, maneno “sehemu ya mapato itapelekwa kwa wenye uhitaji” hayatoshi. Barua itaje ni shilingi ngapi kwa kila kadi au bidhaa itakayouzwa, ni hospitali au taasisi gani itakayopokea, na taarifa ya makusanyo itatolewa lini. Kamati yetu sasa huomba pia nakala ya barua kutoka kwa mpokeaji ikithibitisha kiasi alichopokea, na mwalimu wa sanaa huibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya michoro yote, ya walioshinda na ya wasioshinda.