Simiti Ndiyo Iliyoozesha Nyumba ya Kukhu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: nyumba kuukuu ya wazazi ibomolewe au ikarabatiwe, na kama ni kukarabati, kwa vifaa gani? Mimi nasema ikarabatiwe. Lakini vifaa vipya vinaweza kuiangusha nyumba ya zamani upesi kuliko uzee wenyewe. Haya niliyaona kijijini kwetu, Kakamega, katika nyumba ya nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu.

Ni nyumba ya udongo: nguzo, fito, kuta za kukandika na paa la mabati. Ilisimama miaka mingi kwa sababu kila Desemba, kabla ya wageni wa Krismasi, Kukhu aliisiriba kwa mikono yake. Alipofariki, sisi wajukuu tulichanga pesa, tukamleta fundi akagongelea wavu wa kuku ukutani na kupiga plasta ya simiti nje na ndani. Ikapendeza kweli, majirani wakaja kuitazama.

Msimu wa pili wa mvua, plasta ikaanza kuvimba karibu na ardhi. Niliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe tupu. Nilipochokoa kidogo kwa panga, bamba zima likaanguka. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, laini kama ugali usioiva, na fito zimeliwa na mchwa. Jirani yetu, mama mzee aliyekuwa akisiriba pamoja na Kukhu, aliutazama akasema, "Mwanangu, ukuta huu umenyweshwa maji kisha ukazibwa mdomo."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukuta wa udongo hunywa unyevu na kuutoa, huvimba na kunywea. Simiti ni ngumu, haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka nyufa nyembamba. Maji huingia kwa nyufa hizo na mengine hupanda kutoka ardhini, kisha hayapati pa kutokea. Na Kakamega mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Tuliibandua plasta yote, tukabadilisha fito zilizooza, tukaanza upya tukimsikiliza yule mama. Udongo wa kichuguu, mchanga wa mto, nyasi zilizokatwakatwa na samadi mbichi ya ng'ombe, vyote vikalowekwa siku kadhaa. Kabla ya kusiriba tulipaka viraka vinne ukutani, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga, tukangoja wiki nzima. Chenye udongo mwingi kilipasuka kama tope la kiangazi, na chenye mchanga mwingi mno kilipukutika nilipokisugua kwa kiganja. Tukachukua cha katikati. Juu yake tukapaka chokaa iliyoloweshwa vizuri, mikono mitano myembamba. Chokaa huuzwa kwa mifuko, na mawe yake huchimbwa hata Koru, si mbali na kwetu. Hukauka polepole ikivuta hewa ya kaboni, na huuacha ukuta utoe unyevu wake. Ila vaeni glavu na mkinge macho, maana inachoma.

Kona ya jikoni ilikuwa imebomoka kabisa. Fundi alitaka matofali ya kuchoma, nikakataa. Tanuri moja la matofali humeza kuni nyingi sana, nasi tunaishi kando ya msitu ambao tayari umekatwa vya kutosha. Tulitumia matofali ya kushindiliwa kwa mashine ya mkono: udongo uliochanganywa na simiti kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, yakafunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki kadhaa badala ya kuingizwa motoni.

Simiti siichukii. Sakafu tuliipiga simiti juu ya kokoto, kwa sababu ya funza. Watoto wamechimbwa vidole vya kutosha na sindano katika boma lile, na sitaki kuona tena.

Hata hivyo, kilichoiokoa nyumba zaidi ni paa. Mabati ya zamani yalitokeza kidogo tu nje ya ukuta, matone yakadunda chini na kulamba udongo. Tulirefusha paa hadi likatokeza kama hatua moja, tukaweka mifereji ya kupeleka maji kwenye tangi, tukapanga mawe kuzunguka msingi. Kama pesa zenu zinatosha kazi moja tu, fanyeni hiyo.

Na kama paa lenu ni la asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, msiipasue wala kuitoboa wenyewe. Vumbi lake huingia mapafuni likakaa humo. Iteni wenye leseni ya kuiondoa.

Upande wa mashariki wa nyumba ndio unaochakaa upesi, maana mvua ya alasiri hutujia kutoka milima ya Nandi. Jumamosi tutausiriba tena. Binti yangu ameshaloweka samadi, na yule mama ameahidi kuja kumsimamia.