Darubini imezinduliwa, mbona bado inajaribiwa?

SWALI: Nimesoma kwamba darubini kubwa ya SALT, huko Sutherland, Afrika Kusini, ilizinduliwa mwaka 2005 lakini haikushika kazi kikamilifu mpaka 2011. Miaka yote hiyo walikuwa wakifanya nini, ilhali picha zake zilikwisha kutolewa?

JIBU: Ndugu msomaji, picha ya kwanza huthibitisha jambo moja tu: mwanga umeingia ukafika kwenye kamera. Kuijua darubini yenyewe huanza hapo, na mimi naithamini hatua hiyo kuliko sherehe ya uzinduzi.

Kioo cha SALT kimeundwa kwa vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja na upana wa takriban mita 1. Ukiielekeza kwenye nyota moja kabla ya kuvipanga, unaona nukta nyingi zilizotawanyika, kila kipande na nukta yake. Mafundi hukiinamisha kila kipande kidogo kidogo, kwa mota zilizo nyuma yake, mpaka nukta zote ziangukie mahali pamoja. Kando ya kuba, yaani jengo lenye darubini, umesimama mnara wa kazi hiyo. Vifaa vilivyo kileleni hupima kipande gani kimekaa upande. Usiku ukipoa, chuma kinasinyaa, vipande vinasogea, kazi inarudiwa.

Hayo yalitarajiwa. Kilichowasumbua ni kwamba nyota zilitoka kali sehemu moja ya picha, na sehemu nyingine zikatoka na ukungu. Ikabidi watafute chanzo sehemu kwa sehemu, na uchunguzi ukaishia juu kabisa, kwenye kifaa chenye vioo vinne kinachosahihisha mwanga unaotoka kwenye kioo kikuu. Jinsi kilivyofungwa kwenye fremu yake, joto lilipobadilika kilibanwa, na vioo vyake vikahama kidogo. Kikashushwa, kikaundiwa ufungaji mpya, vioo vikapangwa upya, kisha mwaka 2010 kikarudishwa juu. Wangeyafumbia macho hayo, mwanaastronomia angepima galaksi hafifu asijue kama ukungu ule ni wa galaksi au wa chuma.

Siku hizi majaribio hupewa hata vifaa vyake. Kituo cha Vera Rubin, nchini Chile, kilitazama anga kwa kamera ndogo ya majaribio mwishoni mwa 2024, ndipo mwaka 2025 kikafunga ile kubwa ya megapikseli 3,200.